Asidi amino za kutibu sonona ni dawa, na tuzitumie kama dawa

Dada yangu alikuwa akimeza dawa mbili zisizojuana. Ya kwanza aliandikiwa na daktari: setralini, dawa ya sonona inayozuia seli za neva zisiifyonze tena serotonini haraka, ili kemikali hiyo ikae kazini muda mrefu zaidi. Ya pili alijinunulia mwenyewe: 5-HTP, kirutubisho kinachotokana na asidi amino (malighafi ya kujengea protini), chupa nyeupe yenye picha ya jani kwenye lebo. Setralini ilikaa wazi mezani, kando ya kitanda. Ile chupa ya jani ilikaa kabatini nyuma ya nguo, kwa kuwa siku moja alimuuliza daktari wake kuhusu virutubisho vya ubongo, naye akacheka kidogo na kurudi kwenye karatasi zake.

Nilijua kuna jambo siku nilipomkuta ameshika glasi kwa mikono miwili na maji bado yanamwagika. Jasho lilimtoka ilhali chumba kilikuwa na baridi. Moyo ulimwenda mbio, miguu haikutulia, na usingizi ulikuwa umemhama kwa usiku wa tatu. Mwenyewe aliamini sonona inamrudia, kwa hiyo jana yake alikuwa ameongeza vidonge vya ile chupa. Tulipofika kwenye chumba cha dharura, daktari wa zamu aligonga goti lake kwa kinyundo, mguu ukaruka kama umepigwa shoti. Akauliza taratibu, "Mbali na setralini, kuna kitu kingine unachotumia?" Dada akanitazama mimi, akatazama sakafu, ndipo akasema.

Ile ni hali ya serotonini kuzidi mwilini, na madaktari wanaifahamu vizuri. Kwake ilikuwa nyepesi. Alisimamishiwa dawa zote mbili, akapewa ya kumtuliza, akalazwa usiku mmoja chini ya uangalizi. Kwa wengine huja na homa kali, misuli kukakamaa na degedege, na wapo wanaofariki.

Sisimulii haya ili kuvitangazia vita virutubisho. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kusoma juu ya asidi amino na sonona, na nimeishia mahali ambapo sikutarajia. Zina nafasi katika matibabu. Ni ndogo kuliko wanavyodai wauzaji, na ni kubwa kuliko kile kicheko cha daktari wa dada. Ila nafasi hiyo ipo pale tu ambapo mgonjwa na daktari wanaambiana kila kitu. Maneno "chini ya uangalizi wa daktari", ambayo huchapwa kwa herufi ndogo kabisa chini ya lebo, kwangu mimi ndiyo tiba yenyewe.

Tuanze na kemia, maana ahadi nyingi zinatokea huko. Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino 20, na 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, lazima tuzile. Mojawapo ni triptofani. Mwili huigeuza kuwa 5-HTP, na 5-HTP ikageuzwa kuwa serotonini kwa msaada wa vitamini B6. Asidi amino nyingine, tairosini, ndiyo chanzo cha dopamini na noradrenalini. Kwa kuwa dawa nyingi za sonona hugusa kemikali hizi hizi, mtu anafikia hitimisho linaloonekana kuwa la busara: kama serotonini haitoshi, si niongeze malighafi?

Tatizo ni kwamba mwili haujazwi kama ndoo. Ili kuingia kwenye ubongo, triptofani lazima ipite kwenye mlango mwembamba kati ya damu na ubongo, mlango ambao inaugombania na leusini, isoleusini, valini, tairosini na fenilalanini. Katika vyakula vingi vya protini, triptofani ndiyo chache kuliko wenzake wote. Matokeo yake yanashangaza: mtu akila protini nyingi, triptofani inaongezeka kwenye damu, lakini washindani wake wanaongezeka zaidi, na inayofika ubongoni huenda isiongezeke kabisa. Mwaka 1971 watafiti John Fernstrom na Richard Wurtman walionyesha kwa panya kwamba mlo wa wanga ndio uliopandisha triptofani na serotonini ya ubongo, kwa kuwa insulini huwasukuma wale washindani kwenye misuli na kuacha mlango wazi.

Halafu sehemu kubwa kabisa ya triptofani haiendi kwenye serotonini hata kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya ile inayovunjwa mwilini hupitia njia nyingine, njia ya kinurenini, na mwili ukiwa na uvimbe wa ndani wa muda mrefu njia hiyo huvuta zaidi. Na serotonini yenyewe? Karibu asilimia 90 au zaidi ya serotonini ya mwili ipo tumboni, wala haivuki kwenda ubongoni. Ndiyo sababu anayemeza 5-HTP mara nyingi huanza kwa kichefuchefu kabla hajaona badiliko lolote la hisia zake.

5-HTP ina sifa moja inayoifanya ipendwe na iogopwe kwa wakati mmoja. Kimeng'enya kinachogeuza triptofani kuwa 5-HTP ndicho breki ya mwili: kinaamua serotonini itengenezwe kiasi gani. Anayemeza 5-HTP moja kwa moja ameiruka breki hiyo. Chupa ya jani haikumwambia dada yangu hivyo.

Kuna majaribio mengine ninayoyarudia kila mtu anaponiambia kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu. Watafiti huwapa watu kinywaji chenye asidi amino zote isipokuwa triptofani, na ndani ya saa chache triptofani ya damu inashuka sana. Watu wengi wenye afya, wasio na historia ya sonona, hawabadiliki sana. Lakini mwaka 1990 kundi la Pedro Delgado lilionyesha kwamba watu waliokuwa wamepona sonona kwa dawa walirudiwa na dalili zao siku hiyo hiyo, hasa waliopona kwa dawa zinazotegemea serotonini, kisha wakatulia walipokula kama kawaida. Kwa hiyo triptofani inahusika, lakini inahusika kwa mtu fulani, katika hali fulani, hasa akiwa tayari anatumia dawa fulani. Mwaka 2022 mapitio makubwa ya tafiti yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini kidogo. Wapo waliotangaza baada ya hapo kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi. Mapitio yale hayakupima hilo, na asprini haiponyi kichwa kwa sababu kichwa kilipungukiwa asprini.

Sasa ushahidi wa tiba yenyewe. Mwaka 1963, nchini Uingereza, Alec Coppen na wenzake waliongeza triptofani juu ya dawa za sonona za wakati ule, zile za kundi la MAOI, ambazo huzuia serotonini isivunjwe, na wagonjwa wakapata nafuu zaidi. Wazo likashika. Karibu miaka 40 baadaye wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti 108 za triptofani na 5-HTP. Walipoweka kando zilizofanywa ovyo, zilibaki 2, zenye wagonjwa 64 tu. Hizo mbili zilionyesha dalili nzuri kuliko kidonge kisicho na dawa, lakini ni nani atajenga nyumba juu ya watu 64? Ninaposikia "tafiti zaidi ya mia zimethibitisha", hesabu hiyo ya 108 na 2 ndiyo inayonijia.

Tairosini ilijaribiwa kwa wagonjwa 65 katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, ikilinganishwa na imipramini, dawa ya zamani ya sonona, na kidonge kisicho na dawa. Haikufua dafu. N-asetilisisteini, inayotokana na asidi amino ya sisteini, ilipewa watu 252 wenye sonona pamoja na matibabu yao ya kawaida. Kufikia wiki ya 12, muda uliopangwa wa kupima, haikuwa imewashinda waliopewa kidonge kitupu kwa kiwango cha kuaminika.

Ninayoipa uzito zaidi ni SAMe, ambayo mwili huitengeneza kutoka kwa methionini. Nchini Italia imeandikwa na madaktari kwa miongo kadhaa. Mwaka 2010 George Papakostas na wenzake nchini Marekani waliwachukua wagonjwa 73 ambao dawa za kundi la setralini hazikuwasaidia vya kutosha, wakawaongezea miligramu 800 za SAMe mara mbili kwa siku, au kidonge kitupu, kwa wiki 6. Waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 36 kwa SAMe na asilimia 18 kwa wengine. Ukiangalia waliotulia karibu kabisa, ni asilimia 26 dhidi ya 12. Ni utafiti mdogo, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyojumlisha tafiti 8, yalikiri kwamba ushahidi bado ni dhaifu. Lakini angalia ulivyofanyika: wagonjwa waliendelea na dawa zao, kipimo kilijulikana, siku ya tathmini ilipangwa, na daktari alijua kila kilichomezwa. Mafanikio yale yalipatikana ndani ya uangalizi. Mtu anayechukua matokeo hayo akaacha uangalizi ameacha nusu ya kilichofanyiwa utafiti.

Watu hunijibu kwamba asidi amino ni chakula tu, ipo katika kila mlo, itamdhuru nani? Tupige hesabu. Mahitaji ya triptofani kwa mtu mzima, kwa kipimo cha mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO la afya na FAO la chakula, ni kama miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji miligramu 240. Dozi zilizotumika kutibu sonona huanzia gramu chache. Gramu 3 ni zaidi ya mara 12 ya mahitaji hayo, tena zikimezwa peke yake bila zile asidi amino shindani. Kitu kinachomezwa kwa kiasi hicho ili kubadili kazi ya ubongo kina jina moja tu, nalo ni dawa. Kama hakina nguvu hiyo, basi tusikinunue. Kama kinayo, basi kina madhara, kina mwingiliano na dawa nyingine, na kinahitaji mtu wa kukifuatilia. Muuzaji hawezi kuchukua nusu ya kwanza ya hoja na kutuachia ya pili.

Na somo la usafi tulishalipata. Oktoba 1989, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, madaktari walikutana na wanawake watatu wenye maumivu makali ya misuli na aina moja ya seli nyeupe za damu, eosinofili, zilizopanda kupita kiasi. Hakukuwa na maambukizi ya kulielezea hilo. Walipolinganisha historia zao, wote walikuwa wakitumia triptofani, ile ile iliyouzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya usingizi na huzuni. Mwezi uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliomba iondolewe madukani. Hesabu ilipofungwa, zaidi ya watu 1,500 walikuwa wameugua na zaidi ya 30 kufa. Uchunguzi ulielekea kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, Showa Denko, aliyekuwa amebadilisha bakteria wa kutengenezea triptofani na kupunguza mkaa wa kuisafisha. Ugonjwa uligunduliwa kwa sababu madaktari waliuliza swali lile lile alilouliza daktari wetu wa zamu: unatumia nini kingine?

Uangalizi, basi, ni nini? Nimeona mahali unapogeuzwa kuwa sahihi kwenye fomu, na nimeona mahali unapookoa maisha. Unaanza kabla ya kidonge chochote, kwa kuuliza kama hii ni sonona kweli. Tezi ya thairoidi iliyolegea humfanya mtu awe mzito, mwenye huzuni na asiyetaka kuamka. Upungufu wa damu, wa vitamini B12 au wa foleti unaweza kufanana na hayo. Vipimo vya damu huvionyesha vyote hivi, na mtu mwenye thairoidi iliyolegea anaweza kumeza triptofani mwaka mzima bila kupona chochote.

Kuna swali jingine gumu zaidi, na nadhani ndilo linalosahauliwa mara nyingi: je, mtu huyu amewahi kupitia siku za kinyume chake? Siku za kutolala na bado ana nguvu, maneno yanamwagika, pesa zinatumika ovyo, anajiona hakuna lisilowezekana? Hiyo ni alama ya ugonjwa wa baipola, na mtu wa namna hiyo akipewa SAMe peke yake anaweza kurushwa kutoka shimoni hadi kwenye msisimko unaovunja ndoa na kazi. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haziiti siku zile ugonjwa. Anaziita siku zake nzuri. Anayeweza kuzifukua ni mtu aliyekaa naye, akamsikiliza, ikiwezekana pamoja na ndugu wa karibu.

Baada ya hapo ndipo panapokuja orodha ya vyote anavyotumia, na mfuko wa chupa umwagwe mezani. Triptofani na 5-HTP hazichanganywi kiholela na dawa za sonona, na dawa za kundi la MAOI ndizo hatari kuliko zote katika mchanganyiko huo. Tramadoli, ambayo wengi huijua kama dawa ya maumivu tu, nayo huongeza serotonini. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria hapaswi kugusa fenilalanini. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye figo au ini bovu wanahitaji hesabu yao wenyewe.

Kisha kianzishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu anayeanza virutubisho vitano Jumatatu moja hatajua kamwe kilichomsaidia wala kilichomdhuru. Hali ipimwe kabla na baada, kwa mfano kwa dodoso la PHQ-9, maswali 9 yenye alama kuanzia 0 hadi 27, kwa kuwa kumbukumbu ya mgonjwa wa sonona haiaminiki; siku mbaya humfanya asahau wiki nzuri. Na tarehe ya kuacha iandikwe mapema. Baada ya wiki 6 hadi 8, kama alama hazijasogea, dawa hiyo iondoke na njia nyingine ishikwe. Kinachoniumiza ni kuona watu wakiongeza chupa juu ya chupa kwa miaka bila mtu wa kuwaambia kwamba jaribio limekwisha.

Kuna kosa moja lisilo na udhuru: kuacha ghafla dawa uliyoandikiwa ili uhamie kwenye "asili". Dawa hizi zikikatwa kwa siku moja huleta kizunguzungu, hasira na hisia kama za shoti kichwani, na sonona inaweza kurudi kwa nguvu. Hupunguzwa hatua kwa hatua, na anayezipunguza ni aliyeziandika. Na kama mawazo ya kujiua yameanza kukuzungukia, makala hii haikuhusu kwa leo. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, uende naye hospitali leo.

Sasa niseme na madaktari, maana lawama hii siyo ya wagonjwa peke yao. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wenye sonona duniani walikuwa takriban milioni 280. Katika utafiti mkubwa wa STAR*D wa nchini Marekani, ambao matokeo yake makuu yalitoka mwaka 2006, wagonjwa waliotulia kabisa kwa dawa ya kwanza walikuwa kama theluthi moja. Maana yake, kati ya kila watu watatu wanaotoka mlangoni kwenu na cheti chao cha kwanza, wawili watakuwa bado wanaumwa. Wakianza kutafuta huko na huko, wanafanya kile ambacho mtu anayezama hufanya. Mkiwacheka hawataacha kutafuta. Wataacha kuwaambia. Dakika mbili za kusoma lebo ya chupa, bila dharau, zina thamani ya kitabibu kama kipimo chochote, kwa kuwa ndizo zitakazomfanya mgonjwa alete chupa inayofuata kabla hajaifungua.

Hata chakula chenyewe kina la kusema hapa. Jaribio la SMILES la Australia, lililochapishwa mwaka 2017, liliwachukua watu 67 wenye sonona. Kati ya waliosaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili mlo kwa wiki 12, asilimia 32 walitulia karibu kabisa, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kuongea naye tu. Ni watu wachache, na waliojiunga walijua wamepangiwa nini. Lakini hapo tena alikuwepo mtu, na alikutana nao mara saba.

Dada yangu alipata daktari mwingine wiki mbili baadaye. Nilimsindikiza. Daktari alimwomba amwage mfuko wake mezani, akaichukua ile chupa ya jani, akaizungusha, akaisoma mbele na nyuma, akaandika kipimo chake kwenye faili kwa mwandiko ule ule alioandikia setralini. Kisha akaishusha na kumuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini humu, dada?"

Nilitarajia aseme furaha, au nguvu, au kupona. Akasema, "Usingizi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, sirudi tena kulala. Tangu dawa zianze."

Daktari akafungua ukurasa mpya. Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza analalaje, hata mimi ninayelala chumba cha pili yake.